Tuisome sura nzima, hata inapouma

Mtoto wa kwanza wa Daudi na Bathsheba alikufa siku ya saba. Maandiko hayakumtaja jina. Kitabu cha Pili cha Samueli, sura ya 12, kinasema waziwazi kwamba Mungu ndiye aliyempiga, na sababu nayo haifichwi: baba yake alimchukua mke wa Uria Mhiti, kisha akapanga Uria auawe vitani. Mkosaji ni baba. Baba akaungama, akasamehewa, akaendelea kuwa mfalme. Mtoto akafa.

Nimeijua sura hiyo tangu nikiwa msichana na mpaka leo inanichoma. Mimi ni Mkatoliki na ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa katika wodi ya watoto, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Anayelijua bonde lile anajua masika yake. Mashamba ya mpunga yanajaa maji, mbu wanaongezeka, na baada ya wiki chache kitanda kimoja wodini kinalaza watoto wawili au watatu, mama zao wamekaa chini ukutani na mabeseni yao. Nikisikia mtu akisema kwamba maswali juu ya Biblia ni ya wasomi na ya wavivu wa kuamini, namshangaa. Mimi niliulizwa maswali hayo na akina mama ambao hawakumaliza darasa la saba, saa nane za usiku, mkono mmoja umeshika mrija wa dripu.

Mmoja wao simsahau. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini hivi, hajaolewa, amemleta mwanawe wa kiume ambaye alikuwa bado ananyonya. Mtoto alifika na degedege. Kipimo cha malaria kikatoka chanya, damu ilikuwa gramu tatu. Tulianza dawa, tukatuma maombi ya damu, tukaambiwa ya kundi lake haipo. Saa kumi jioni ndugu waliruhusiwa kuingia kuona wagonjwa, na pamoja nao akaingia mhubiri, mmoja wa wale wanaopita kitanda hadi kitanda na Biblia kwapani. Alimwuliza yule binti baba wa mtoto yuko wapi. Binti akainama. Basi mhubiri akafungua 2 Samueli 12, akamsomea kisa cha Daudi hadi pale mtoto anapougua, akamwambia atengeneze mambo yake na Mungu haraka, mtoto asije akalipia deni la mama. Mtoto alifariki kabla ya alfajiri. Tulipokuwa tunamfunika, mama yake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, kwa hiyo ni mimi?"

Nilimjibu kwa nilichokijua. Nilimwambia mtoto amekufa kwa malaria kali, kwamba vijidudu vimemmaliza damu mpaka mwili ukashindwa, na kwamba damu ya kumwongezea haikupatikana kwa wakati. Nilimwambia pia kwamba mimi ni Mkristo kama yeye na sikubaliani na alichoambiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini si imeandikwa?"

Imeandikwa. Hapo ndipo penye uzito, na hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu viongozi wetu wengi wa dini hupapita mbio.

Nianze na kile ninachokifahamu kwa kazi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba takriban robo tatu ya wanaokufa kwa malaria barani Afrika ni watoto wa chini ya miaka mitano. Kama vifo hivyo vingekuwa hukumu juu ya wazazi, tungelazimika kuamini kwamba wenye dhambi wengi wamejikusanya mabondeni kwenye maji yaliyotuama, na kwamba uasherati huongezeka wakati wa masika na kupungua kiangazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa vilisambazwa Kilombero na wilaya jirani ya Ulanga, na watafiti wa kituo cha afya cha Ifakara walipofuatilia walikuta watoto waliolala ndani ya chandarua wakinusurika kifo kwa wingi kuliko wasiokuwa nacho. Vyandarua havikuwatakasa wazazi. Vilizuia mbu. Mtu anayemwambia mama aliyefiwa kwamba kifo cha mwanawe ni malipo ya dhambi yake hana ushahidi, na anamsingizia Mungu jambo zito mno.

Lakini hoja hiyo ya mbu haimjibu yule binti, na najua. Yeye hakuniuliza kuhusu takwimu. Aliniuliza kuhusu kitabu anachokiheshimu kuliko vitabu vyote. Kwa hiyo turudi kwenye sura yenyewe, tuisome kuanzia pale mhubiri alipoifunga.

Nabii Nathani alikwisha kutoa hukumu: mtoto atakufa. Lilikuwa neno la Mungu, kwa kinywa cha nabii wa kweli, na Daudi hakuwa na shaka nalo. Kama kuamini ni kuinamisha kichwa na kunyamaza, Daudi angepokea hukumu ile na kwenda kulala kitandani kwake. Hakufanya hivyo. Alilala chini sakafuni, akafunga, akamsihi Mungu aigeuze hukumu yake mwenyewe. Wazee wa nyumba yake walimjia wakijaribu kumwinua, akakataa kuinuka, akakataa kula nao. Siku ya saba mtoto alipokufa, watumishi waliogopa kumwambia, wakabaki wakinong'ona. Daudi akaiona minong'ono ile, akaelewa, akawauliza mwenyewe. Ndipo akaoga, akajipaka mafuta, akabadili nguo, akaingia katika nyumba ya Bwana akaabudu, kisha akarudi kwake akaomba chakula. Watumishi walishangaa: mtoto akiwa hai analia, mtoto amekufa anakula? Akawaeleza kwamba wakati mtoto yu hai aliona huenda Mungu angemhurumia. Sasa mtoto hatarudi. Yeye ndiye atakayemfuata.

Naomba msomaji aliangalie jambo hili taratibu. Ndani ya sura hiyohiyo inayotumika kuwanyamazisha wafiwa, mtu anayemwamini Mungu amebishana na neno la Mungu mpaka dakika ya mwisho. Mungu hakumkemea kwa kubishana. Hakumpa alichoomba, lakini hakumkemea. Na Daudi, baada ya kunyimwa, alikwenda kuabudu. Sijui alisema nini humo ndani, maandiko hayasemi. Najua tu kwamba aliingia akiwa amekataliwa ombi lake, na hakuna mtu aliyemsukuma aingie. Kwa alichomfanyia Uria, Daudi hana cha kunifundisha ila toba. Kwa zile siku alizolala sakafuni, yeye ni mwalimu wangu wa imani.

Kosa la mhubiri yule wa wodini nalifananisha na kosa tunaloliogopa sana sisi wauguzi: kumpa mtoto dozi ya mtu mzima. Dawa ni ya kweli, chupa ina lebo sahihi, na mgonjwa anaweza kufa. Maneno ya Nathani yaliandaliwa kwa ajili ya mfalme mwenye jeshi, aliyeua ili afiche uzinzi, akakaa kimya kama vile hakuna aliyekufa. Kuyachukua maneno hayo na kumnywesha binti maskini aliyekopa nauli ya bodaboda kumkimbiza mwanawe hospitali ni kuyaondoa kabisa mahali pake.

Biblia yenyewe imelijadili suala hili, tena kwa sauti zaidi ya moja. Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza watoto kuuawa kwa makosa ya baba zao. Nabii Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli, sura yote ya 18 anaitumia kuwapinga watu waliokuwa wakisema kwamba wanateseka kwa madhambi ya wazee wao. Kila mtu, anasema, atabeba lake. Katika Yohane 9, wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu wa kuzaliwa walitaka kujua mwenye kosa ni yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Sisemi kwamba Ezekieli ameifuta 2 Samueli. Sura zote mbili zimo, kanisa limezipokea zote mbili, na mimi sina mamlaka ya kuichana mojawapo. Wasomi wengi wa Biblia hueleza kwamba watu wa kale wa Israeli walilipeleka kila tukio moja kwa moja kwa Mungu, mvua na ukame, kuzaa na kufiwa, bila kutenganisha sababu kama tunavyofanya sisi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya ufunuo, ulikiri kwamba vitabu vya Agano la Kale vina mambo yasiyo kamili na ya kupita, ingawa vinatuonyesha jinsi Mungu alivyowalea watu wake hatua kwa hatua. Maelezo hayo hunisaidia kiasi. Hayanimalizii. Nikiifikia aya ya 15, inayosema Mungu alimpiga mtoto, bado nasimama.

Sasa kuna jambo ambalo Wakatoliki wenzangu wengi hawalijui, na mimi niliposoma kalenda ya liturujia kwa makini lilinishtua. Jumapili ya 11 ya Mwaka C tunasomewa sura hii ya 12: aya ya 7 hadi ya 10, halafu tunaruka hadi ya 13, ambapo Nathani anamwambia Daudi amesamehewa. Hapo somo linakwisha. Aya ya 14, inayomtaja mtoto, haisomwi. Katika siku za kazi, Jumamosi ya juma la 3 la Mwaka wa II, tunakwenda mbali kidogo, hadi aya ya 17: mtoto ni mgonjwa, Daudi yuko chini. Aya ya 18 ndiyo mtoto anapokufa, nayo haimo. Jumatatu inayofuata tumeshahamia kwa Absalomu, mwana mwingine wa Daudi. Mkristo anayeipata Biblia kwa masikio tu, kanisani, anaweza kuhudhuria Misa maisha yake yote na kufa mzee bila kujua kwamba mtoto yule alikufa. Halafu siku mwanawe yuko mahututi, anayemletea habari hiyo kwa mara ya kwanza ni mtu baki, na anamletea ili kumshtaki.

Si sura hii peke yake. Kitabu cha Sala ya Kanisa kilichotengenezwa upya baada ya Mtaguso, ambacho mapadre na watawa husali asubuhi na jioni, kiliziacha kabisa Zaburi za 58, 83 na 109, zile za kuwalaani adui, na kikapunguza aya kali katika zaburi nyingine. Sababu yake naielewa. Si rahisi kusali laana. Hata hivyo kitabu hichohicho kimeihifadhi Zaburi ya 88, zaburi nyeusi kuliko zote, inayoanza kwa kilio na kumalizika gizani bila hata mstari mmoja wa matumaini, na kimeiweka katika sala ya usiku kila Ijumaa. Kila Ijumaa, kabla ya kulala, kanisa zima linasali sala ya mtu ambaye hajajibiwa. Laiti waumini wangelijua hilo. Laiti mama aliyetoka kuzika angeambiwa kwamba maneno yake machungu yana nafasi katika ratiba ya sala ya kanisa.

Papa Benedikto wa XVI aliligusa jambo hili mwaka 2010 katika waraka wake *Verbum Domini*, namba ya 42. Alizungumzia kurasa za Biblia zenye giza, zenye ukatili na mambo ya aibu, akasema kuziacha pembeni lingekuwa kosa, na akawataka wachungaji na wataalamu wawasaidie waumini wote kuzisoma kwa mwanga wa fumbo la Kristo. Waumini wote, si waseminari. Sijasikia waraka huo ukitajwa katika mahubiri hata mara moja.

Najua hofu iko wapi. Viongozi wanaogopa kwamba mwamini wa kawaida akizisoma kurasa hizi ataacha dini. Hofu hiyo ni ya zamani. Katika karne ya pili alikuwapo Roma tajiri mmoja mwenye meli, Marcion, mtu wa Ponto, aliyeona Mungu wa Agano la Kale hawezi kuwa Baba wa Yesu. Akalikataa Agano la Kale zima, na katika Agano Jipya akabakiza Injili ya Luka na nyaraka za Paulo, nazo baada ya kuzipunguza. Mwaka 144 Wakristo wa Roma walimtenga na kumrudishia fedha zote alizokuwa amewachangia. Jumuiya ile ndogo, yenye mateso ya kutosha, ilikuwa na nafasi ya kujipatia Biblia nyepesi isiyo na maswali. Ilikataa Biblia hiyo, na fedha pia.

Na Agustino, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, kwa miaka kama tisa alikuwa na Wamani, wafuasi wa dini ya Mani, waliowacheka Wakristo kwa ajili ya kurasa hizihizi: wake wengi wa mababu, mauaji, Mungu mwenye hasira. Mama yake Monika alimwendea askofu mmoja akamsihi aongee na kijana. Askofu akakataa. Alimwambia amwache asome, atauona ukweli kwa kusoma; yeye mwenyewe alilelewa na Wamani, alivisoma karibu vitabu vyao vyote, na hakuhitaji mtu wa kumtoa. Agustino alibatizwa Milano, Pasaka ya mwaka 387. Nampenda sana askofu yule ambaye hata jina lake halikuandikwa. Hakuogopa kusoma.

Wanaosema "usimhoji Mungu" sijui wamejifunza wapi. Si kwa Abrahamu, aliyebishana na Mungu juu ya Sodoma akaishusha hesabu ya wenye haki kutoka hamsini hadi kumi. Si kwa Yohane Mbatizaji, aliyemtumia Yesu swali zito akiwa gerezani. Wala si kwa Ayubu. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo lilikuwa tendo lao jema. Walipofungua midomo wakaanza kumtetea Mungu kwa kumshtaki mgonjwa. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, waliomtetea, na kumwambia Elifazi, mmoja wao, kwamba aliyesema yaliyo sawa ni Ayubu, aliyelalamika kwa sura nyingi. Ningetamani sura ya 42 ya Ayubu isomwe kwa kila anayeomba ruhusa ya kuingia wodini kuhubiri.

Tena hatari ya kutouliza tumeiona hapa kwetu, Afrika Mashariki. Tarehe 17 Machi 2000, Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa, wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Wengi wao walitoka katika Kanisa Katoliki, na miongoni mwa viongozi wao alikuwamo aliyekuwa padre wetu. Waumini wa kundi lile walikatazwa kuzungumza, wakawa wanawasiliana kwa ishara, eti wasije wakavunja amri kwa ulimi. Watu wasioruhusiwa hata kusema wangeuliza vipi? Miaka 23 baadaye, Aprili 2023, makaburi yakaanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya. Miili ikapita 400, mingi ya watoto. Manusura walieleza kwamba waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Aya za kufunga zimo katika Biblia kweli, na za mwisho wa dunia zimo. Kilichokosekana kule msituni ni mtu wa kusimama na kuuliza, na wengine wa kumruhusu aulize.

Ndiyo maana nasema, na nalisema kama mama wa kanisa niliyebatizwa utotoni na ninayetarajia kuzikwa na kanisa: mtu aliyezoezwa kutouliza hajafundishwa kumwamini Mungu. Amefundishwa kumwamini anayeshika kipaza sauti.

Kwa upande wangu namwamini Mungu wa kitabu hiki pamoja na aya ya 15. Mathayo alipoandika ukoo wa Yesu, alipomfikia Solomoni hakuandika jina la Bathsheba. Aliandika kwamba mama yake ni yule aliyekuwa mke wa Uria. Angeweza kuipitisha aibu ile kimyakimya, na badala yake akaiweka katika ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya, ndani ya damu ya Mwokozi. Na huyo mwana wa Daudi alipotundikwa, kwa mujibu wa Marko, alikufa baada ya kumlilia Baba yake kwa nini amemwacha. Hakujibiwa pale msalabani. Kama Mwana mwenyewe alikufa na swali kinywani, hakuna mwanadamu mwenye mamlaka ya kumnyang'anya swali mama aliyefiwa. Ninapoinama mbele ya sura nisizozielewa, nainama mbele ya Mungu aliyelipitia swali lilelile kutoka upande wetu. Sina sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, wala sijaitafuta.

Padre hawezi kuyaeleza yote haya katika mahubiri ya dakika kumi na tano, watoto wanalia na Misa ya pili inasubiri. Simlaumu. Lakini tunazo jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozifanya msingi wa uchungaji katika miaka ya 1970, walitaka kanisa liwe la majirani wanaofahamiana. Na ukweli ni kwamba katika jumuiya nyingi tunasoma Injili ya Jumapili, watu wawili wanashirikisha neno, tunataja nia, kisha muda uliobaki wote unakwenda kwenye michango: zaka, nyumba ya mapadre, rambirambi, harambee. Michango ni ya lazima. Ila jirani yangu namjua kiasi alichotoa kwa ujenzi, na simjui anavyolala tangu amzike mumewe.

Jumuiya yetu hapa Morogoro mjini, ambayo msimamizi wake ni Mtakatifu Monika, wakati wa Kwaresima mwaka huu ilitenga Jumamosi moja kuisoma 2 Samueli 12 yote. Tulikutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sebuleni kwa mwenyekiti, wengine barazani. Iliposomwa kwamba mtoto amekufa, nyumba nzima ilikaa kimya. Fundi seremala mmoja, mzee wetu, ndiye aliyeanza: alisema watoto hulipia makosa ya baba zao kila siku, baba akinywa mshahara mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa daftari, na pengine sura inasema hilo. Mama mmoja akampinga palepale. Daftari, alisema, ni matokeo ya pombe. Hapa imeandikwa Mungu alimpiga, tusimsaidie mwandishi kukwepa. Katekista akatupeleka kwa Ezekieli. Kisha dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akauliza kuhusu Bathsheba: ameitwa na mfalme bila kuulizwa, amefiwa mume, amefiwa mtoto, na sura yote imempa nusu ya aya, kwamba Daudi alimfariji. Nani alimsikiliza yeye? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulitawanyika saa mbili kasoro, michango haikukusanywa siku hiyo, na mhazini hakulalamika. Wawili walinifuata njiani wakaniambia habari za watoto wao waliokufa, habari ambazo sikuwahi kuzisikia kwa miaka yote tuliyosali pamoja.

Mwezi Agosti kalenda inatuletea kisa cha Yeftha, Waamuzi 11, Alhamisi ya juma la 20. Safari hii kalenda hairuki: inatusomea hadi baba anapotimiza nadhiri yake juu ya binti yake wa pekee. Tumeamua kuuchukua ugumu huo Jumamosi ya juma hilohilo. Kuna mambo nataka tuyaweke mezani. Yeftha aliweka nadhiri kwamba atakachokutana nacho mlangoni akirudi vitani atakitoa sadaka ya kuteketezwa, akatoka binti yake akicheza ngoma. Sheria ilikataza kumchoma mtoto. Walawi 27 iliruhusu mtu aliyewekewa nadhiri akombolewe kwa fedha. Marabi wa kale walisimulia kwamba angeweza kwenda kwa kuhani Finehasi afunguliwe nadhiri, ila kila mmoja alisubiri mwenzake amfuate, kwa kiburi, na binti akaangamia katikati yao. Daudi Kimhi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa zama za kati, aliona binti hakuuawa bali alitengwa asiolewe. Katika sura yenyewe Mungu hasemi neno lolote baada ya vita, si la kukubali wala la kukataa, na bado Waebrania 11 inamtaja Yeftha kati ya watu wa imani. Mjini kwetu watu wanaweka nadhiri za viwanja na mishahara kwa wahubiri wanaowaambia Mungu hapokei nadhiri iliyorudi nyuma. Kwa hiyo suala hili si la enzi za Waamuzi tu.

Nimemwomba paroko wetu awepo. Amekubali, ingawa alinitahadharisha kwamba juu ya Yeftha hana majibu ya kutosha na hapendi kutuvunja moyo. Nimemwambia aje hivyohivyo, na aje mapema, maana barazani viti ni vichache.